Msituzimie Spika: Falsafa Tuliyoisikiliza Tukishona Mwaka wa Korona



Juzi alikuja biharusi kupima gauni, yeye na mama yake. Spika yetu ndogo, ile inayokaa juu ya kabati la vitambaa, ilikuwa inazungumza Kiingereza, na katikati ya Kiingereza hicho likapita jina la Imam Ghazali kwa matamshi ya Kizungu. Biharusi akacheka, akauliza, "Kumbe siku hizi mnapewa darsa na Wazungu?" Tukacheka naye. Mama yake hakucheka. Alipojua kwamba ni kipindi cha falsafa, alisema maneno hayo hayafai kusikilizwa na mtoto wa kike aliyebakisha wiki tatu kuolewa, yatamtia shaka katika dini na ujuba kwa mumewe. Akatutaka tuzime. Tukazima. Mteja ni mteja, na mama wa mteja ndiye mwenye pochi.

Lakini neno lile limetukaa kooni kama mwiba wa samaki. Hatukumjibu siku ile kwa sababu ni mtu mzima, na kwetu mtu mzima hajibizwi, tena mbele ya mwanawe. Tunajibu leo kwa adabu, na si yeye peke yake tunayemjibu. Maneno hayo tumeyasikia kwa shangazi, kwa masomo wa harusi, kwa wachumba, na mara moja kwa kijana aliyekuja kututengenezea umeme tu.

Ilianza Machi 2020. Wagonjwa wa kwanza wa korona walitangazwa Bara, siku chache baadaye huku kwetu Zanzibar. Skuli zikafungwa, vyuo vikafungwa, watalii wakaondoka, harusi zikaahirishwa moja baada ya moja. Tulikuwa na magauni 9 ya mabiharusi yaliyokwisha kukatwa, mawili yamekwisha kutiwa shanga. Mwenye gauni hajui harusi yake lini, basi hawezi kumalizia pesa. Nasi lesi na satini tumekwisha kuzilipia. Tukayatundika magauni, tukayafunika mashuka, chumba kikawa kama kina mizuka tisa imesimama ukutani. Tukageukia barakoa.

Aliyeshona barakoa anaijua kazi ile. Vitambaa viwili vya pamba, mikunjo mitatu, lastiki mbili, basi. Ukifika ya kumi mikono inakwenda yenyewe, akili haina kazi. Na akili isiyo na kazi mwaka ule ilikuwa inakwenda sehemu moja tu. Simu ikilia tulidhani msiba. Tukifungua WhatsApp, sauti moja inasema tangawizi na kujifukiza, nyingine inasema ugonjwa huu hauwapati wenye udhu, nyingine inalia tu. Tulikuwa wanne chumbani na hakuna aliyekuwa analala vizuri.

Mtoto wa mwenzetu mmoja anasoma chuo Dar es Salaam, akarudi nyumbani vyuo vilipofungwa. Yeye ndiye aliyetuletea podikasti. Kwa dada ambao bado hawajazizoea: ni kipindi kama cha redio, ila unakipakua kwenye simu na kukisikiliza saa unayotaka, unakisimamisha ukienda kuswali, unakirudisha nyuma usipoelewa. Alikuwa akinunua bando la usiku, anapakua sisi tumelala, asubuhi anakuja na simu imejaa.

Tulitarajia mapishi. Akatuwekea falsafa.

Kipindi tulichokipenda zaidi ni cha Peter Adamson, mwalimu wa falsafa katika chuo kikuu cha Munich, Ujerumani. Alikianza mwaka 2010 kwa nia ya kusimulia historia yote ya falsafa tangu Wagiriki wa kale bila kuruka mtu. Kila kipindi ni dakika 20 hivi, mtu mmoja anaongea taratibu, anatia utani ambao nusu yake hatukuuelewa. Na kweli haruki. Waislamu, ambao vitabu vingi vya Ulaya huwapitia kwa sentensi mbili, yeye amewapa vipindi kadhaa wa kadhaa, kuanzia Al-Kindi wa Baghdad na kuendelea. Baadaye tukahamia pia kwenye kipindi cha BBC cha Melvyn Bragg, kilichoanza 1998, ambacho alikuwa akikaa na maprofesa watatu na kuwakata maneno wakirefusha. Huyo alituchosha mwanzo kwa haraka yake, lakini ana kipindi kimoja tutakachokitaja hapa chini.

Kiingereza chetu ni cha kidato cha nne, cha kujibia mtihani. Tulipunguza mwendo wa sauti hadi mtu akawa anaongea kama mlevi, tukarudia kipindi kimoja mara tatu, na mtoto wetu akitufasiria palipokwama. Kuna vipindi tuliviacha njiani. Kuna vingine mpaka leo tunabishana vilisema nini.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, maana yule mama alisema tutaingiwa na shaka.

Kipindi kilichotuingia kweli kilikuwa cha Imam Ghazali na mfano wake wa pamba na moto. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu cha kuwajibu wanafalsafa, na humo akauliza swali ambalo mtu wa cherehani hawezi kulipita: ukiweka pamba kwenye moto ikaungua, umejuaje kwamba moto ndio ulioiunguza? Macho yako yameona vitu viwili, moto umegusa na pamba imeungua. Kwamba kimoja kimelazimisha kingine, hilo hukuliona. Anayeunguza ni Mwenyezi Mungu, na akitaka pamba isiungue haitaungua, kama alivyotoka salama Nabii Ibrahim (A.S.).

Sisi kazi yetu ni pamba na pasi. Mashine zote zikanyamaza. Yule mdogo wetu anayejifunza kazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufaidika na elimu hiyo, maana wiki ile ile aliunguza mkono wa abaya ya mtu, na alipoulizwa akajibu kwa utulivu kwamba si pasi, ni qadari. Abaya tuliilipa sisi.

Lakini utani ule ulifungua mlango wa mjadala mzito, kwa sababu mjini kote watu walikuwa wanabishania jambo hilo hilo bila kulitaja jina. Tulikuwa tunashona barakoa mamia, na kuna waliokuja dukani kutwambia barakoa ni upungufu wa imani. Ajali ikifika imefika, wanasema, kitambaa kitazuia nini? Wengine walisema kinyume, kwamba barakoa ndiyo itakayotuokoa, kana kwamba kitambaa kina uwezo wa peke yake. Tukajiona tumekaa katikati ya Ghazali na Ibn Rushd, kadhi na tabibu wa Andalusia aliyemjibu Ghazali miaka mingi baada ya kifo chake, akisema kwamba ukikataa kuwa vitu vina sababu zake umeikataa na akili yenyewe.

Mmoja wetu alimshika Ibn Rushd. Wawili walisimama na Ghazali. Wa nne akasema yeye ana watoto watatu nyumbani na atavaa barakoa kwa sababu yoyote ile.

Hatukuishia kwenye spika. Swali tulilipeleka kwa ustadhati wetu wa darsa, tukimuuliza kwa woga kidogo, kwa kuwa tulidhani atatugombeza. Hakutugombeza. Alitufungulia Ihya ya Ghazali huyo huyo, mlango wa kutawakali, ambapo Imam anaeleza kwamba mwenye njaa akiwekewa chakula mbele yake kisha asinyooshe mkono, akidai anamtegemea Mungu, huo si kutawakali, ni wazimu. Mungu ameweka desturi katika viumbe vyake, na kuifuata desturi hiyo hakumtoi mtu katika kumtegemea Yeye. Maana yake Ghazali anayesema moto hauunguzi kwa nguvu zake mwenyewe ndiye anayekwambia usitie mkono motoni.

Kisha ustadhati akatusimulia safari ya Sayyidna Umar (R.A.) kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh aliambiwa tauni imeingia Sham. Akashauriana na Muhajirina, akashauriana na Ansari, akawaita wazee wa Kikureshi, mwisho akaamua kurudi. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu, na Umar akajibu kwamba naam, wanaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea qadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu. Akimlisha kwenye rutuba ni qadari, na akimlisha kwenye ukame ni qadari. Ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na alichokisikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba tauni ikiwa katika nchi msiiingie, na ikiwakuta ndani yake msitoke kwa kuikimbia.

Kisa hiki tulikuwa tumekisikia tangu chuoni, tukiwa watoto. Wallahi hatukuwahi kukisikia vile. Tuliposikia mara hii, swali lilikuwa letu. Sasa tumuulize mama yetu mheshimiwa: hiyo shaka aliyoiogopa iko wapi? Tulikwenda darsa na swali tuliloliokota kwenye podikasti ya Mzungu, tukarudi na Umar bin Khattab.

Halafu kuna wanaotwambia Ghazali aliipinga falsafa, kwa hiyo sisi ni nani tuisikilize. Ni kweli alipinga, na katika masuala matatu aliwahukumu wanafalsafa kuwa wamekufuru. Lakini kabla ya kupinga alikaa akasoma vitabu vyao mpaka akavijua, tena akaandika kitabu kizima cha kueleza maneno yao kabla hajaandika cha kuyabomoa. Na amesema wazi kwamba anayeidhuru dini ni yule rafiki yake mjinga, anayedhani kuutetea Uislamu ni kukataa hesabu na elimu ya kupatwa kwa jua. Mpingaji wa aina hiyo tunamkubali. Ila mtu aje azime spika hajasikia hata dakika mbili, kisha ajifunike kwa jina la Ghazali, hapana.

Tuwe wakweli, si kila podikasti inafaa. Kuna vipindi vinafanya kumkejeli Mungu kuwa ndiyo akili, na hivyo tulivizima wenyewe bila kuambiwa na mtu. Na ustadhati alitupa onyo tunalolishika: itikadi haichukuliwi kwenye spika. Adamson ni mwanahistoria wa mawazo, anakueleza nani alisema nini na kwa nini. Hakufundishi uamini nini, wala hajidai kufanya hivyo. Anayetafuta fatwa aende kwa wenye fatwa.

Kuna siku ya kipindi cha Ibn Khaldun. Hicho ndicho kipindi cha Bragg tulichokitaja. Wengi tunamjua Ibn Khaldun kama jina kubwa la historia, mwandishi wa Muqaddima. Lakini alizaliwa Tunis mwaka 1332, na tauni kubwa ilipopita miaka ya 1348 na 1349 ilimchukulia wazazi wake wote wawili, yeye akiwa kijana mdogo, pamoja na wengi wa walimu wake. Tulisikiliza hilo mwezi wa Mei, Ramadhani imekaribia kwisha. Baadaye tukataka kujua zaidi, mtoto wetu akatutafutia habari zake, ndipo tukajua kwamba mwaka 1384, akiwa Misri, mkewe na watoto wake walikuwa wanamfuata kwa bahari kutoka Tunis, na meli yao ikazama karibu na Iskandaria.

Mwenzetu mmoja ana dada yake aliyezama kwenye meli iliyokuwa inakwenda Pemba mwaka 2011. Aliweka kitambaa chini akatoka nje. Hatukumfuata. Aliporudi aliuliza swali moja tu, kama Ibn Khaldun aliendelea kuandika baada ya hapo. Aliendelea. Aliishi miaka mingine zaidi ya 20 akifundisha, akiwa kadhi wa Kimaliki Cairo, na kitabu chake hakuacha kukitengeneza. Mwenzetu akasema, "Basi tuendelee," akakaa kwenye cherehani. Maelfu ya maneno ya kumpa pole tuliyokuwa tumemwambia miaka tisa hayakuwahi kumpa alichopewa na mtu aliyekufa miaka mia sita iliyopita. Hatujui kulieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Na Ibn Tufayl je? Huyu tulimpenda, kisha tukagombana naye. Ni mtu wa Andalusia wa karne ya 12, na hadithi yake ya Hayy bin Yaqdhan inafanyika kisiwani, jambo ambalo peke yake lilitutosha. Mtoto mchanga yuko peke yake kisiwani, analelewa na paa. Anakua anamwita paa mama. Siku paa anapokufa, mtoto anampasua kifua kutafuta kile kilichoondoka, kile kilichokuwa kinampenda, anaukuta moyo na hakikuwemo. Kuanzia hapo anaanza kufikiri, na kwa kufikiri peke yake, bila mwalimu wala kitabu, anafika kumjua Muumba. Sisi tuliokuwa tumefungiwa kisiwani na anga limenyamaza, hakuna ndege hata moja ya watalii, tuliisikiliza mara nne.

Ugomvi wetu ni mwisho wake. Hayy anakwenda kisiwa cha pili chenye watu, anajaribu kuwafundisha aliyoyajua, wanamkataa. Anaona watu wa kawaida hawawezi mambo haya, kwao yatosha kushika dhahiri ya dini, bora waachwe hivyo. Anarudi kwenye kisiwa chake na rafiki mmoja tu. Maprofesa wanalieleza hilo kwa upole, kama jambo la busara. Sisi tulikasirika. Hao watu wa kawaida ni sisi! Labda bwana Hayy alifundisha vibaya, au alikuja saa ya watu kupika. Na tukahesabu wanawake katika kisa chote: kwenye riwaya moja ya kuzaliwa kwake yuko binti wa kifalme anayemtia mtoto kwenye sanduku na kumwachia bahari, kisha yuko paa. Mmoja anaondoka mwanzo, wa pili ana kwato.

Tunalitaja hili kwa sababu ndilo jibu letu kwa hofu ya pili ya yule mama, ya ujuba. Kusikiliza si kukubali. Tulimsikiliza mtu mkubwa wa elimu, tukamheshimu, tukamwambia hapa hapana. Mke anayeweza kufanya hivyo kwa Ibn Tufayl bila kupandisha sauti anaweza kuzungumza na mumewe juu ya kodi ya nyumba bila kupandisha sauti. Ujuba tunaoujua sisi, na tumeona mabiharusi wengi, unatokana na mtu kuwa na mambo mengi moyoni na kukosa maneno ya kuyasema.

Wengine wanatucheka kwa njia nyingine. Wanasema elimu ya kusikia huku unashona si elimu, mtu asome kitabu. Vitabu tunavipenda, ila kitabu kinataka mikono na macho, na mikono na macho ya wanawake wengi yamekwisha kukodishwa tangu alfajiri. Masikio ndiyo yaliyobaki. Na hii si bahati mbaya ya zama hizi. Nana Asma'u, binti wa Sheikh Usman dan Fodio, aliyezaliwa mwaka 1793 katika nchi ambayo leo ni kaskazini ya Nigeria, alitunga mashairi ya elimu kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Aliwafundisha wanawake walioitwa jaji, wakayahifadhi kichwani, wakenda nayo vijijini kwa wanawake wasioweza kuacha watoto na mashamba. Hakuwaambia wasubiri wajue kusoma kwanza. Tumtafutie jina gani mwanamke huyo? Alikuwa anatuma vipindi, ila vilikwenda kwa miguu.

Na kwetu pwani yuko Mwana Kupona. Kila biharusi hapa amesikia jina lake, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuchokozwa nalo. Aliutunga utendi wake katika miaka ya 1850 kwa ajili ya binti yake, na vizazi vya wanawake waliuhifadhi kwa kuusikia, wengi hawakuwahi kuuona umeandikwa. Sisi tulikuwa tunauchukulia kama orodha ya kumtii mume. Mwaka ule wa korona ndipo lilipotugonga jambo ambalo lipo wazi ndani yake: aliutunga akiwa mgonjwa, maradhi yamemkaa muda mrefu, hajui kama atabaki. Ni mama anayemwambia mwanawe kila kitu haraka kabla hajaondoka. Sikilizeni tena mkijua hivyo, mtaona kama bado ni orodha.

Hapo ndipo tunapowageukia mabiharusi. Tunashona magauni, tunawaona wakija na kuondoka, na tumegundua kitu. Msichana akiposwa, watu wote wanaanza kumwondolea vitu: aache kazi kidogo, apunguze simu, apunguze marafiki, asitoke juani. Somo anamfundisha usafi na mapishi na mambo ya chumbani, na hayo yote ni haki yake kuyajua. Lakini akili yake hakuna anayeiulizia itakula nini huko aendako. Anaingia nyumba ngeni, mume anatoka asubuhi anarudi magharibi, na yeye amebaki na televisheni ya mama mkwe. Tunawaomba mlizungumze kabla ya nikaha, kwa upole, mbele ya walii ikibidi: kwamba unapenda kujifunza, unahitaji bando lako na saa yako. Kama mnataka kuliweka kama sharti, waulizeni wenye elimu ya kifiqhi, sisi ni mafundi cherehani. Kulisema tu halizuiwi na mtu.

Mmoja wa wale mabiharusi tisa alifanya hivyo. Harusi yake ilikuwa Aprili ikaahirishwa hadi Julai, na katika kusubiri akawa anakuja kushona nasi barakoa, anasikiliza. Alimwambia mchumba wake waziwazi. Mchumba akasema hana neno, ilimradi asilazimishwe kusikiliza na yeye. Miezi michache baadaye, bibi anatusimulia, wamelala, taa imezimwa, mume akauliza gizani: "Hivi yule mtoto wa paa ilikuwaje?"

Hivi sasa dada huyo yuko Pemba, ana watoto wawili. Mwezi uliopita alituagizia tumtilie vipindi kwenye kadi ya simu, ila akaomba viwe vya Kiswahili, kwa sababu mama mkwe wake naye anataka kusikiliza. Tukatafuta. Hotuba zipo na mawaidha yapo, alhamdulillah, lakini mtu wa kukaa dakika 20 akakusimulia kwa Kiswahili Ghazali alivyowaza, au Mwana Kupona alikuwa nani, hatukumpata kirahisi. Wasomi wetu wa vyuo tunawaheshimu sana, na tunawauliza: mbona Munich imeweza?

Mwisho tumekaa wenyewe. Ustadhati amesoma utendi wa Mwana Kupona, mmoja wetu akaeleza maneno magumu, mwingine akaeleza habari za Siyu na za maradhi yake, yule mwanafunzi wa chuo, ambaye sasa ni mwalimu, akarekodi kwa simu. Kipindi kina dakika 23. Nyuma kinasikika cherehani, na mahali pamoja jogoo wa jirani. Ijumaa yule mama atakuja kuchukua gauni la mwanawe. Kahawa tutaipika, tende zipo, na hicho ndicho tutakachomwekea, akiridhia.